Shafti Ndefu Kwenye Mashine Ndogo: Mambo Ambayo Fundi na Mteja wa Kasikeu Wanapaswa Kujua

Kinu cha posho kinapoanza kutetemeka, au mashine ya kukatia ng'ombe nyasi inapopiga kelele isiyo ya kawaida, mara nyingi tatizo huwa ni shafti. Imelika mahali beringi inapokaa, au imepinda, au iliyowekwa juzi haikukatwa sawasawa. Katika wadi ya Kasikeu, kama kwingineko katika kaunti ndogo ya Kilome, mwenye mashine huibeba shafti hiyo hadi kwa fundi wa jua kali aliye na mashine ndogo ya kukereza chuma, ambayo mafundi wengi huiita leithi.

Kinachofanyika katika karakana hiyo kwa saa moja au mbili ndicho kinachoamua kama kinu kitasaga kwa miaka au kitarudi kwa fundi baada ya wiki chache. Kinaamua pia kama fundi na mwanagenzi wake watarudi nyumbani wakiwa salama. Mambo yote mawili yanategemea swali moja: chuma kirefu na chembamba kimeshikwa wapi, na mahali pangapi?

Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa lugha ya kawaida, ili mteja ajue la kuuliza na kijana anayejifunza ufundi ajue la kuzingatia.

KUKEREZA NI KUFANYA NINI?

Neno kukereza ni la zamani katika Kiswahili. Mafundi wa mbao wa pwani wamekereza miguu ya vitanda na viti kwa vizazi vingi. Kipande cha mbao huzungushwa, na patasi iliyotulia hukigusa na kukichonga mviringo. Mashine ya chuma hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi na kwa vipimo vidogo zaidi.

Upande wa kushoto wa mashine kuna kichwa cha mbele, chenye mhimili unaozungushwa na mota. Kwenye mhimili huo hufungwa kishikio chenye taya tatu au nne zinazobana chuma. Upande wa kulia kuna kichwa cha nyuma, kinachoweza kusogezwa na kufungwa, na ndani yake huwekwa ncha kali ya kuegemeza mwisho wa chuma. Katikati kuna kigari kinachobeba kisu cha kukatia.

Kwa kipande kifupi, taya peke yake zinatosha. Shida huanza chuma kinapokuwa kirefu.

KWA NINI CHUMA KIREFU HUPINDA

Wengi hudhani chuma hakiwezi kupinda kwa sababu ya kisu kidogo. Hupinda, na hesabu yake inajulikana. Urefu unaochomoza nje ya taya ukiongezeka mara 2, kupinda huongezeka mara 8. Unene ukipungua kwa nusu, kupinda huongezeka mara 16. Ndiyo maana fimbo nyembamba huonekana ngumu mkononi lakini hukimbia kisu mara tu inapoguswa.

Chukua mfano wa shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20, iliyobanwa kwenye taya huku milimita 200 zikiwa nje bila egemeo lolote. Kisu kikiisukuma mwisho wake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10, mwisho huo unasogea kando takriban milimita 0.17. Kwa sababu kosa hilo huhesabiwa pande zote mbili, kipenyo kitatoka kikiwa kinene kwa takriban milimita 0.34 kuliko fundi alivyokusudia. Sehemu ya shafti iliyo karibu na taya, ambako chuma hakipindi, itakuwa na kipimo sahihi. Matokeo ni shafti iliyo nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine.

Shafti hiyo hiyo ikichomoza milimita 400, mwisho wake utasogea takriban milimita 1.36. Hapo kisu hakikati tena kwa utulivu. Chuma kinarukaruka, sauti ya mtetemo inasikika, na uso wa shafti unabaki na mawimbi. Chuma kinaweza hata kukipanda kisu, kikapinda kabisa na kuchomoka kwenye taya.

Mtu anaweza kuuliza, je, sehemu ya tatu ya milimita ina maana gani kwenye kinu cha kijijini? Ina maana kubwa. Beringi hukaa juu ya shafti kwa vipimo vinavyohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Shafti ikizidi kipimo, beringi haiingii, na ikilazimishwa kwa nyundo huharibika kabla ya kufanya kazi. Shafti ikipungua, beringi huzunguka juu yake, joto hupanda, na chuma hulika.

NJIA ZA KUSHIKA CHUMA KIREFU

Mafundi wana kanuni rahisi ya kuanzia. Chuma kikichomoza zaidi ya takriban mara 3 ya unene wake, kiegemezwe mwisho wa pili. Urefu ukizidi takriban mara 10 hadi 12 ya unene, kiongezewe egemeo katikati.

Taya na ncha ya nyuma. Hii ndiyo njia ya kwanza. Fundi anatoboa tundu dogo lenye umbo la pia katikati kabisa ya uso wa mwisho wa shafti, kisha anasogeza kichwa cha nyuma hadi ncha yake iingie hapo. Ncha nyingine huzunguka pamoja na chuma kwa sababu zina beringi ndani. Nyingine hazizunguki, na hizo ni lazima zipakwe grisi mara kwa mara, la sivyo zitaungua.

Kati ya ncha mbili. Hapa chuma hakibanwi na taya. Kinaegemea ncha pande zote mbili, na kibano kidogo kilichofungwa kwenye shafti husukumwa na bamba la mashine ili izunguke. Faida yake ni kwamba shafti inaweza kutolewa, ikapimwa kwenye beringi, ikageuzwa na kurudishwa bila kupoteza kitovu chake. Kwa mfano wa shafti ya milimita 400 uliotajwa hapo juu, kuegemeza pande zote mbili kunapunguza kupinda kwa pale panapopinda zaidi kutoka milimita 1.36 hadi takriban milimita 0.085. Hiyo ni mara 16 pungufu, na mashine ni ile ile.

Egemeo la kati lililosimama. Hiki ni kifaa kinachofungwa kwenye kitanda cha mashine, kikiwa na vidole vitatu vinavyoigusa shafti kuizunguka. Husaidia shafti iliyo ndefu sana, au pale fundi anapohitaji kufanya kazi kwenye uso wa mwisho, kwa mfano kutoboa, na kwa hiyo hawezi kuweka ncha hapo. Mahali vidole vinapogusa pawe mviringo na laini, na pawe na mafuta wakati wote.

Egemeo linalofuata kisu. Hili hufungwa kwenye kigari na husafiri pamoja na kisu. Huwa na vidole viwili, kimoja nyuma ya shafti na kingine juu yake, kwa sababu huko ndiko kisu kinakoisukuma. Kwa shafti nyembamba inayokatwa urefu wake wote, hakuna kifaa kinachosaidia zaidi ya hiki.

Mashine nyingi ndogo huuzwa bila maegemeo haya, au hupotea mashine inapobadilisha mikono. Fundi asiye nayo anaweza kutengeneza egemeo la muda kwa kipande cha mbao ngumu kilichofungwa imara kwenye kitanda cha mashine na kutobolewa tundu la kipimo cha shafti. Tundu hilo litobolewe mashine yenyewe ikiwa imeshika keekee, ili kitovu chake kilingane na cha mhimili. Likipakwa grisi na kuzungushwa polepole, egemeo la mbao hufanya kazi nzuri kwa kipande kimoja au viwili.

KISU NA JOTO

Namna ya kukata pia inaweza kupunguza kupinda. Kisu kiwe kikali, na pembe yake ya mbele iwe ndogo, kwa kuwa kisu butu chenye mdomo wa duara husukuma chuma kando badala ya kukikata. Makali yake yaelekezwe ili nguvu nyingi iende kwa urefu wa shafti, kuelekea kwenye taya, wala si kuisukuma kutoka ubavuni. Fundi asikate kina kirefu kwa mara moja.

Joto nalo husahauliwa. Kila mita ya chuma hurefuka takriban milimita 0.012 kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka. Shafti ya nusu mita ikipata joto la nyuzi 40 zaidi, inarefuka takriban milimita 0.24. Ikiwa imebanwa kati ya taya na ncha iliyofungwa kabisa, haina pa kwenda, hivyo inajikunja kama upinde. Fundi mwenye uzoefu husimamisha mashine kila baada ya muda, hulegeza ncha ya nyuma kidogo na kuikaza tena taratibu. Vipimo vya mwisho huchukuliwa chuma kikiwa kimepoa.

HATARI ILIYO NYUMA YA MASHINE

Mhimili wa mashine ya kukereza una tundu katikati, linalopita hadi nyuma. Tundu hilo humwezesha fundi kuingiza chuma kirefu, akabana mwisho mmoja tu kwenye taya na kuuacha urefu wote uliobaki utokee nyuma ya kichwa cha mbele. Huonekana kama suluhisho jepesi la kushughulikia fimbo ndefu kwenye mashine fupi. Kumbe ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Fimbo inayochomoza nyuma haishikwi na kitu. Kila urefu na unene wa fimbo una kasi yake ambapo fimbo huanza kuyumba yenyewe. Kwa fimbo ya chuma ya milimita 12 iliyochomoza mita 1, hesabu inaonyesha kasi hiyo ni takriban mizunguko 500 kwa dakika. Ikichomoza nusu mita, kasi hiyo ni takriban mizunguko 2,000. Ikichomoza mita 2 na nusu, ni mizunguko kama 80 tu. Mashine nyingi ndogo huzunguka kwa kasi ya zaidi ya 1,000. Hesabu hizi ni za fimbo iliyonyooka kabisa. Iliyopinda hata kidogo huanza kuyumba mapema zaidi.

Fimbo ikishaanza kuyumba, hairudi. Katika muda mfupi kuliko ule wa mtu kufikia swichi, hujikunja kufikia pembe mraba na kuwa rungu la chuma linalozunguka mamia ya mara kwa dakika. Hupiga kila kilicho karibu, iwe ukuta, meza au mtu. Inaweza kuitikisa mashine nzima na kuisogeza mahali ilipofungwa.

Hatari hii inajulikana kote duniani. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya 1961 iliitaja waziwazi, ikitaka chuma kinachochomoza nyuma ya kichwa cha mashine ya kukereza kizungushiwe kinga. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine ziwekewe kinga. Karakana ya mabati iliyo kando ya soko ina wajibu huo kama kiwanda kikubwa.

Kinga yenyewe si ya gharama kubwa. Kwanza, fimbo ikatwe kwa urefu unaohitajika kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Pili, ikiwa ni lazima ichomoze, ipitishwe ndani ya bomba lililonyooka lenye tundu kubwa kidogo kuliko fimbo, na bomba hilo lifungwe imara kwenye stendi mbili zilizokazwa sakafuni. Tatu, mashine iwashwe kwa kasi ya chini kabisa, na mtu yeyote asisimame wala kupita nyuma yake.

FIMBO ZA PAMPU ZA MKONO

Katika eneo kavu kama Kasikeu, mfano unaogusa wengi ni wa pampu ya maji. Fimbo za pampu ya India Mark II, ambayo majirani zetu wa Uganda wanaijua kwa jina la U2, zina unene wa milimita 12 na urefu wa takriban mita 3, na mwisho wake una nyuzi za skrubu. Nyuzi zikilika au kukatika, maji hukosekana, na kamati ya maji hukimbilia kwa fundi aliye karibu.

Fimbo kama hiyo haipaswi kuzungushwa kwenye mashine ndogo. Kwa hesabu zilizotolewa hapo juu, mita 2 na nusu za fimbo nyuma ya mashine zinaweza kuyumba hata kwa kasi ya chini sana. Njia iliyo salama ni kuibana fimbo kwenye jiliwa, kusawazisha mwisho wake kwa tupa, na kukata nyuzi mpya kwa dai ya mkono, huku mafuta yakidondoshwa. Fimbo haizunguki, hivyo hakuna hatari. Kazi yenyewe huchukua muda mfupi kuliko kuipanga kwenye mashine. Kamati ya maji inayomwona fundi akiingiza fimbo nzima ya pampu kwenye mashine ina haki ya kumwomba asimame.

MTEJA AULIZE NINI?

Mwenye kinu au mfugaji hahitaji kuwa fundi ili aitetee pesa yake. Maswali haya yanamtosha:

1. Je, shafti nzima inahitaji kukerezwa? Maduka ya vyuma huuza chuma cha mviringo kilichong'arishwa na kunyooshwa kiwandani. Kikiwa cha unene unaotakiwa, fundi hukereza miisho tu, na kazi huwa rahisi na sahihi zaidi.

2. Mwisho wa pili utaegemea wapi? Jibu likiwa kwamba taya zinatosha, na shafti ni ndefu, tafuta fundi mwingine.

3. Kipimo ni kile kile miisho yote na katikati? Mwombe fundi apime mahali patatu mbele yako, chuma kikiwa kimepoa.

Majibu ya kipimo hicho yanaeleza mengi. Shafti iliyo nene katikati na nyembamba miishoni, kama pipa, ilipinda katikati na ilihitaji egemeo la kati. Iliyo nene mwisho wa mbali na taya haikuegemezwa. Ikiwa iliegemezwa na bado imenenepa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kichwa cha nyuma hakijalingana na cha mbele, na kinaweza kurekebishwa.

4. Je, matundu ya kitovu yamebaki? Yale matundu madogo miishoni mwa shafti yasijazwe wala kukatwa bila sababu. Siku shafti itakapohitaji kazi tena, fundi yeyote ataitumia matundu hayo kuirudisha kwenye kitovu kile kile.

5. Beringi iko hapa? Mteja abebe beringi mpya pamoja na shafti. Fundi anayepima kwa beringi yenyewe hakosei kwa kukisia.

KWA VIJANA WANAOJIFUNZA NA WENYE KARAKANA

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Makueni huvijua kama vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, yaani CTTI. Fundi aliyejifunzia kazini naye anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, na kupata cheti kinachotambulika.

Cheti hicho hakitamsaidia aliyepoteza mkono. Kabla ya kuwasha mashine, mhimili uzungushwe kwa mkono mara moja ili kuhakikisha hakuna kinachogonga. Ufunguo wa taya uondolewe mara tu taya zinapokazwa. Mikono ya shati ikunjwe au ifungwe vifungo, nywele ndefu na lesso zifungwe nyuma, na miwani ya kinga ivaliwe. Glavu zivuliwe, kwa kuwa hunaswa na kuvuta mkono mzima.

Msasa unahitaji onyo la pekee. Vijana wengi hung'arisha shafti kwa kuizungushia kipande cha msasa na kukishika kwa vidole huku mashine ikizunguka. Msasa ukinasa, hujifunga kwenye shafti pamoja na vidole. Utumike ukiwa umebandikwa kwenye ubao au tupa, au ushikwe miisho yake miwili bila kuzungushiwa shafti yote. Kwa shafti nyembamba hatari ni mara mbili, kwa sababu kuisukuma huipinda pia.

Mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa ya ajali kwa maafisa wa usalama na afya kazini. Mfanyakazi aliyeumia kazini ana haki ya kudai fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007.

Fundi wa Kasikeu anayechukua dakika 20 kutoboa tundu la kitovu, kupanga egemeo na kukata fimbo kwa urefu unaofaa hapotezi muda wa mteja. Dakika hizo ndizo zinazoifanya shafti izunguke bila kutetemeka, na ndizo zinazomlinda yeye na aliyesimama karibu naye. Mteja anayeona kazi hiyo ikifanywa asiharakishe fundi, na asinung'unike kuilipia.